Friji ya rangi ya miaka ya 1950 haijaisha gesi: usimruhusu mtu aitoboe

Mwenye friji ya Kimarekani ya miaka ya 1950, iwe ya waridi, ya feruzi au ya njano, akimwita fundi huwa ameshajua ugonjwa na dawa: "Imeisha gesi, niongezee." Gesi ya friji si mafuta ya taa yanayokwisha kwenye jiko. Mfumo umechomelewa pande zote, na gesi huzunguka humo humo, ikigeuka mvuke na kurudi kuwa kimiminika. Iliyotiwa kiwandani mwaka 1955 inaweza kuwa ndiyo iliyomo mpaka leo. Ikipungua, pana tundu, na kuongeza gesi bila kuziba tundu ni kutia maji kwenye pakacha.

Ubaya wa kauli hii ni kwamba inaua friji nzima. Friji nyingi za wakati ule hazina vali ya kujazia, kwa hiyo fundi anabana vali ya kutoboa kwenye bomba la shaba, na vali hiyo huvuja baadaye hata kama zamani hapakuwa na uvujaji. R-12 iliyokuwemo, gesi ya friji za wakati ule, inatoka. Mpya haipatikani kirahisi, maana nchi tajiri ziliacha kuitengeneza kuanzia 1996 kwa Mkataba wa Montreal. Basi anatia R-134a, gesi iliyokuja baada yake. Kompresa ile, yaani pampu inayosukuma gesi, ina mafuta ya madini, na R-134a haichanganyiki na mafuta hayo. Yakishasukumwa kwenye bomba hayarudi: yanalala kwenye evaporeta (sehemu inayogandisha), kompresa inakauka, kisha inakwama. Kubadilisha gesi ipasavyo ni kukata mfumo, kumwaga mafuta yote, kutia ya aina ya POE (yanayochanganyika na R-134a), kuweka kichujio kipya, kuvuta hewa kwa pampu na kupanga upya urefu wa kapilari, kile kibomba chembamba kinachopeleka gesi kwenye evaporeta. Anayekushauri utie gesi inayowaka mwambie akaangalie thamostati (swichi inayopima baridi) na swichi ya taa: ziko ndani ya kabati, na zote mbili hutoa cheche.

Kabla hujakubali neno "gesi", soma barafu. Zima friji, yeyusha yote, kausha, iwashe ikiwa tupu. Baada ya nusu saa hadi saa moja tazama evaporeta. Ukungu wa barafu ukienea sawasawa mwanzo hadi mwisho, gesi ipo kamili na hakuna cha kujadili. Ukishika mwanzoni tu na kwingine kukabaki pakavu, hapo ndipo pana upungufu wa gesi au kapilari imeziba.

Mara nyingi mkosaji ni raba ya mlango. Milango mingi ya kabla ya mwisho wa 1958 haikuwa na sumaku, bali komeo ndilo linaloibana raba. Raba ya umri huo imekuwa ngumu kama ubao. Joto na unyevu vinaingia, kompresa haipumziki, barafu inajaa, na mwenye friji anasema haigandishi. Bana noti mlangoni na uivute, kila sentimita 10 kuzunguka mlango mzima. Inapotoka bila kukaza, hewa inapita hapo. Anza na bati la komeo kwenye fremu: legeza parafujo, lisogeze ndani milimita 1 au 2, kaza, pima tena. Isipotosha, nunua raba mpya yenye unene ule ule wa ile ya zamani ilipokuwa laini. Ukiweka nene kupita kiasi utalazimisha komeo na kupinda bawaba.

Ikiwa kompresa haiwaki kabisa, chomoa friji kwanza, kisha pima omu kwenye ncha zake tatu, nyaya zikiwa zimeondolewa. Ncha mbili zitatoa kipimo kikubwa kuliko vyote, na hicho lazima kilingane na jumla ya vile viwili vingine. Ncha yoyote ikisoma mguso na bodi ya chuma, mota imeungua. Zikiwa salama, rudisha nyaya, ruka thamostati kwa kuunganisha nyaya zake mbili na uwashe. Kompresa ikiwaka, thamostati ndiyo iliyokufa. Isipowaka, angalia rilei, swichi ndogo inayoisaidia mota kuanza. Waya wa umeme badilisha bila kujiuliza: raba yake inamomonyoka mkononi, na haukuwa na ethi. Weka wa nyaya tatu, wa ethi ufunge kwenye bodi. Plastiki za pembeni zinazoficha nyaya zipashe joto kwa taulo la maji ya moto kabla ya kuzichokonoa. Zikiwa baridi hupasuka kama biskuti.

Dhana ya pili huwagharimu wanaosafirisha friji hizi kwa kontena kutoka Marekani: "Nitanunua transfoma, basi." Transfoma hupunguza volti, haigusi Hz, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Mota ilitengenezwa kwa volti 115 na 60 Hz. Dar es Salaam, Mombasa na Muscat umeme ni 50 Hz. Ukiipa mota hiyo volti 115 kwa 50 Hz, chuma chake kinazidiwa na usumaku kwa asilimia 20, na mota inachemka. Volti inayofaa ni 115 mara 50 gawanya kwa 60, yaani kama 96. Chukua transfoma ya kutoa volti 100, ile inayouzwa kwa vyombo vya Japani, yenye uwezo usiopungua VA 1,000 kwa sababu mota inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa ya kawaida. Itazunguka polepole na kugandisha kwa kuchelewa, lakini itaishi.

"Zinakula umeme kuliko friji zote." Si kweli. Walafi walikuja baadaye, zile kubwa zinazojiyeyushia barafu, na katikati ya miaka ya 1970 wastani wa friji Marekani ulifikia karibu kWh 1,800 kwa mwaka. Friji ndogo ya mlango mmoja ya 1955 kwa kawaida haina feni wala hita ya kuyeyusha barafu. Lakini raba ikiwa mbovu, hesabu hii haipo. Na barafu usiichokonoe kwa kisu: hapo ndipo gesi inaisha kweli.

Kuhusu rangi: kijani cha parachichi, ambacho wengine hukiita cha kale, si cha miaka ya hamsini. General Electric mwaka 1955 waliuza waridi, njano, feruzi, buluu na kahawia. Parachichi na dhahabu ya mavuno ni za mwisho wa miaka ya sitini na miaka ya sabini. Friji ya mviringo ya SMEG, kampuni ya Italia, inayosifiwa kwa ukale wake iliingia sokoni 1997.

Kuhusu kupaka upya: nje mara nyingi ni rangi iliyookwa, enameli ya kioo iko ndani. Enameli ikigongwa hubanduka vipande kama sahani, rangi hubonyea na bati. Rangi ya kopo la kupuliza hubaki laini na hushika alama za mikono kwenye mpini. Tumia poliurethani ya sehemu mbili. Msasa uwe wa maji, maana rangi ya kale inaweza kuwa na madini ya risasi yenye sumu, na barakoa ya kitambaa haizuii isosianati, kemikali ya hatari iliyo kwenye hadena (ile sehemu ya pili inayogandisha rangi).

Na komeo lenyewe. "Ni urembo tu." Komeo hilo halifunguki kutoka ndani, na watoto walikufa ndani ya friji zilizotupwa hadi Marekani ikatunga sheria mwaka 1956. Zilizotengenezwa baada ya 30 Oktoba 1958 lazima zifunguke kwa kusukumwa kutoka ndani. Friji yako ikiwa ya kabla ya hapo na haitumiki, iwe stoo, kwenye kontena au uani ikingoja fundi, ng'oa mlango kwenye bawaba siku hiyo hiyo, uuegemeze ukutani nyuma ya friji, na parafujo uzigandishe kwa selotepu ndani ya kabati.