Kulipia PS Plus na Game Pass: maneno ya kijiweni Mwanza na ukweli wake

Ukipita vibanda vya gemu Mabatini, Igoma, mpaka kule Nyegezi karibu na vyuo, hukosi kukuta mtu kanunua PS5 ya mtumba au kaletewa na ndugu yake aliyeko Dubai, na siku hiyohiyo wenzie wanamwambia lipia Premium, yaani daraja la juu la PS Plus, kifurushi cha kulipia cha PlayStation, bila Premium hiyo mashine haina kazi. Anatoa hela ndefu, afu anaishia kucheza FC, ile gemu ya mpira, na mdogo wake sebuleni, kitu ambacho angefanya bila kulipa hata mia. Inaniuma kwa kweli, maana hela hiyo ingenunua gemu kamili ikabaki yake. Ndo maana nimeona niyapitie haya maneno ya kijiweni, nianze na lile linalokula hela za wengi zaidi.

"Bila kulipia huwezi kucheza"

Hapana. Unalazimika kuwa na PS Plus kwa jambo moja kubwa tu, kucheza onlaini na watu wengine kwenye gemu za kununua, yaani FC, NBA 2K, GTA Online na za aina hiyo. Gemu ya diski au uliyonunua dukani kwao unaicheza mwenyewe, stori yote, career mode yote, bure. Mkikaa wawili au wanne na padi zenu mbele ya TV moja hakuna anayewadai chochote. Apdeti za gemu nazo zinashuka bila PS Plus, unachohitaji ni intaneti tu.

Kwa hiyo mwenye kibanda anayechaji kwa mechi, watu wawili benchi moja, hana sababu ya kulipia kifurushi chochote ili biashara iende. Nawaambia hivi wenye vibanda kwa sababu nawaona wanavyobanwa, umeme, kodi, padi zinavyokufa analogi kila siku, afu mtu anakuja kuwaongezea mzigo ambao haupo.

Na hata onlaini yenyewe sio yote inalipiwa. Fortnite, Warzone, Rocket League, Apex Legends, hizi ni gemu za bure na PlayStation haidai PS Plus kuzicheza. Xbox, mashine ya Microsoft, walikuwa wanadai, wakaondoa hilo sharti Aprili 2021. Dogo wako kama anacheza Fortnite tu basi usimlipie kitu, mnunulie padi nzuri.

"Daraja la juu ndo bora"

Hapa ndo penyewe, tukae kidogo.

Tangu Juni 2022 PS Plus ina madaraja matatu. Essential inakupa onlaini, gemu chache za kila mwezi, punguzo dukani na sehemu ya kuhifadhi sevu zako, yaani hatua ulizofikia kwenye gemu, kwenye klaudi. Extra inabeba hayo yote na kuongeza maktaba ya mamia ya gemu za kupakua. Premium inaongeza gemu za zamani za PS1, PS2 na PSP, majaribio ya gemu mpya kwa masaa kadhaa, na kucheza kwa kustrimu bila kupakua, yaani gemu inakimbia kwenye seva zao nawe unaletewa picha kwa intaneti. Bei za mwaka Marekani zilipanda Septemba 2023, Essential kutoka dola 59.99 mpaka 79.99, Extra kutoka 99.99 mpaka 134.99, Premium kutoka 119.99 mpaka 159.99. Essential peke yake ukiipiga kwa shilingi unacheza kwenye laki mbili, Premium ni mara mbili yake. Kabla hujalipa angalia bei ya siku hiyo kwenye duka la nchi ya akaunti yako.

Sasa mtu wa Mwanza anayelipa Premium analipia nini hasa? Kitu kikubwa kinachoitenganisha na Extra ni kule kustrimu, na kustrimu hakukuhusu. Huduma ile inatolewa kwa nchi maalum na Tanzania haimo, hata Afrika Kusini ambako PlayStation wana duka rasmi daraja la juu linaitwa Deluxe, yaani Premium iliyotolewa kustrimu. Na hata ukilazimisha kwa akaunti ya nje bado kuna fizikia inakusubiri. Tuseme seva iko London, Mwanza mpaka huko ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari wa ndege, na intaneti haipiti mstari wa ndege, inashuka kwa faiba mpaka Dar ndo iingie baharini izunguke. Mwanga ndani ya faiba unaenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi tu ni milisekunde 60 kwa uchache, hapo bado hujahesabu rauta, mtandao wa simu na foleni ya njiani. Gemu ya fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60, hapo ushachelewa fremu tatu na zaidi kabla kidole hakijafanya kitu. Utapiga krosi beki kashafika zamani.

Bando nalo. Picha ya 1080p inayokula Mbps 13 ni kama GB 6 kila saa moja. Piga hesabu mwenyewe na bei ya bando lako.

Extra ni mjadala tofauti na mimi siipingi, ila ina sharti lake. Ile maktaba ni ya kupakua, na gemu kubwa za siku hizi GB 100 ni kawaida. Kwa laini inayokupa Mbps 10 za uhakika, GB 100 ni kama masaa 22 bila kukatika, bila umeme kuondoka, bila mtu mwingine nyumbani kufungua YouTube. PS5 ya kwanza ina diski ya GB 825 na nafasi unayoachiwa ni kama 667, hivyo zikiingia gemu sita saba kubwa umejaa. Mwenye waifai ya faiba mjini Extra inamlipa, hasa akiichukua mwezi mmoja wa likizo akamaliza stori mbili tatu akaacha. Anayetegemea bando la simu kule Buhongwa atakuwa na maktaba ya kutazama majina tu.

Kwa hiyo ukiniuliza, anayecheza FC onlaini achukue Essential, kwisha habari. Tena Essential ina faida moja ambayo watu hawaisemi, sevu. Sevu za gemu za PS5 huwezi kuzihamishia kwenye flashi, Sony, wenye PlayStation, hawaruhusu, njia rahisi ya kuwa na nakala ni klaudi ya PS Plus. Kwa umeme wetu unaorudi na kishindo, career yako ya misimu mitano ni vizuri iwe na nakala.

Na wenye PS4 wasikilize hapa. Sony walitangaza mapema 2025 kwamba kuanzia Januari 2026 gemu za PS4 hazitakuwa tena sehemu kuu ya gemu za kila mwezi wala za maktaba, zitakuwa zinakuja mara mojamoja. Ulizokwisha kuzichukua zinabaki, onlaini inabaki, lakini ukilipia Extra ya mwaka kwenye PS4 ukitegemea vitu vipya kila mwezi utasubiri sana.

"Zile gemu za kila mwezi zikiingia ni zako"

Ni zako ukiwa unalipa. Kifurushi kikiisha kufuli linatokea kwenye picha ya gemu, ukilipa tena linatoka na sevu yako ipo palepale. Ni kama chumba cha kupanga, kodi ikisimama mlango unafungwa. FC 24 iliwekwa kwenye gemu za mwezi Mei 2024, na aliyeichukua bado anayo ilimradi analipia. Kwa hiyo kama una kifurushi usiache mwezi upite bila kuingia kubonyeza kuchukua, hata kama huna bando la kuipakua muda huo, kubonyeza tu kunatosha, utaipakua siku nyingine.

Maktaba ya Extra na ya Game Pass, kifurushi cha Xbox, ni tofauti kidogo na hapo ndo watu wanachanganya. Kule gemu yenyewe inaweza kuondolewa hata kama wewe unalipa kila mwezi. GTA V imeingia Game Pass na kutoka zaidi ya mara moja, PS Plus pia iliingia ikatoka. Gemu unayojua utaicheza miaka miwili inunue, diski ikiwezekana, maana diski ukiichoka unaiuza au unabadilishana na mwana.

"EA Play inatosha kucheza FC onlaini"

EA Play ni kifurushi cha kulipia chenye maktaba ya gemu za EA, kampuni inayotengeneza FC, pamoja na majaribio ya masaa 10 ya gemu mpya na punguzo la asilimia 10. Haifungui onlaini. Kwenye PlayStation ukitaka FC onlaini unahitaji PS Plus, ukiwa na EA Play au usiwe nayo. Kwenye Xbox, Game Pass Ultimate ina onlaini na EA Play zote mbili ndani yake.

"Game Pass na PS Plus ni kitu kimoja, tofauti ni mashine"

Zinafanana sura tu. Microsoft gemu zake nyingi wanazitia kwenye Game Pass siku ya kwanza zinapotoka, kwa walio Ultimate na wa kompyuta. Sony gemu zao kubwa hawafanyi hivyo, unanunua kwanza, maktabani zinakuja baadaye sana. Ila Oktoba 2025 Game Pass ilibadilishwa, madaraja yakaitwa Essential, Premium na Ultimate, na Ultimate Marekani ikaruka kutoka dola 19.99 kwa mwezi mpaka 29.99. Angalia majina hayo, Essential na Premium zipo pande zote mbili na sio kitu kimoja, muuzaji wa kadi akikwambia "nina Essential" muulize ya nani.

"Akaunti moja inahudumia mashine zote"

Kwa PlayStation, akaunti unaiweka kuwa ya kushea kwenye PS5 moja na kuwa ya msingi kwenye PS4 moja. Kwenye mashine hizo wote wa nyumbani wanafaidi onlaini na gemu zako kwa akaunti zao wenyewe, kwa hiyo kaka na dada hawana haja ya kulipia mara mbili. Lakini kibanda chenye PS5 nne akaunti moja haifiki, na masharti yao yanasema huduma ni ya matumizi binafsi, sio ya biashara.

"Kadi ya zawadi yoyote inaingia"

Hii imewaliza wengi, ni zile kadi za namba za kuingizia hela kwenye akaunti. PlayStation hawana duka la Tanzania, ndo maana watu wanafungua akaunti za Marekani, Uingereza au Falme za Kiarabu, jambo ambalo masharti yao hayalipendi, ujue hilo unapoanza. Kadi ya Marekani inaingia akaunti ya Marekani tu, na nchi ya akaunti ya PlayStation haibadilishwi ukishafungua. Kadi ya benki ya hapa mara nyingi inakataliwa, kwa hiyo chagua nchi ambayo kadi zake unazipata kirahisi kwa muuzaji unayemfahamu, kabla hujanunua gemu hata moja.

Na zile akaunti za bei chee wanazouza WhatsApp, "PS Plus mwaka mzima elfu arobaini", naomba muachane nazo. Mwenye akaunti ni yule mwenye barua pepe. Anakuuzia wewe, anawauzia wengine, siku akibadili paswedi au akaunti ikifungiwa huna pa kwenda, na sevu zako zilizokuwa humo zimeenda nayo.

"Nianze na kubwa, nikiona haifai nitashuka"

Kupanda unapanda muda wowote, kushuka unasubiri muda uliolipia uishe. Na ukipanda unalipa tofauti kwa muda wote uliobaki, sio mwezi mmoja, kwa hiyo aliyejaza Essential ya miaka miwili siku akitaka Extra ataletewa bili ya miaka miwili. Anza chini. Afu ukishalipa tu, siku hiyohiyo ingia kwenye mipangilio ya akaunti uzime kujilipia upya, kifurushi hakikatiki, kinaendelea mpaka tarehe yake, na hela utakayoiacha kwenye waleti ya akaunti haitachukuliwa wewe ukiwa zako kwenye feri ya Ukerewe.