Timu ya oparesheni za moyo ikija, kwanini sio kila mgonjwa anaingia kwenye listi

Watu wakisikia tu timu ya madaktari wa kujitolea inakuja kupasua moyo bure, simu zinaanza, dokta niandikie mtoto wa dada yangu, halafu jina lisipotoka utasikia wameingia wenye kujuana. Ngoja niwaeleze inavyokuaga, na nichukulie Kigali. Team Heart ni kundi la Boston, Marekani, wameanza kwenda Rwanda 2008, wanapasulia hospitali ya King Faisal, na wagonjwa wao wengi ni vijana walioharibika valvu, yaani vile vimilango vya moyo vinavyozuia damu isirudi nyuma, kwa homa ya rumatiki. Hiyo inaanzaga na mafindofindo ya utotoni, koo linauma, hakuna aliyelitibu, kinga ya mwili inakuja kuushambulia moyo wenyewe, miaka inapita, kijana anapanda kilima kidogo tu pumzi hakuna.

Sasa kinachobana idadi sio mpasuaji, ni kitanda cha ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Moyo unasimamishwa, mashine inasukuma damu badala yake na kuna mtaalamu wake anayekaa nayo muda wote, akitoka pale mgonjwa anataka nesi wa kumwangalia usiku kucha, kwahiyo mmoja akigoma kutoka kwenye mashine ya kupumulia, wa kesho yake anasubiri. Wageni wenyewe wana wiki chache tu.

Eko nayo, kile kipimo cha kuupiga moyo picha kama ultrasound, inachuja. Ambaye moyo umeshatanuka na kuchoka kabisa anaweza kufia mezani, ambaye valvu inavuja kidogo anaendelea na dawa na sindano yake ya benzathini penisilini kila wiki 3 au 4, wanachukuliwa wa katikati. Inauma, najua.

Halafu lile swali ambalo familia huwa zinalichukia, unakaa wapi na nani atakupeleka kliniki? Sio dharau jamani. Valvu iliyoharibika ikibadilishwa, ya chuma inadumu sana ila inataka warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku maisha yote na kipimo cha INR kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, maana dawa ikipungua damu inaganda kwenye valvu, ikizidi unaweza kuvuja damu hata kichwani, na wageni hapo walishapanda ndege zamani. Valvu iliyotengenezwa kwa nyama ya ng'ombe au nguruwe kwa kawaida haihitaji warfarini ya kudumu lakini kwa kijana inachakaa mapema, anarudi tena mezani. Binti anayetaka kuzaa aseme kabla ya oparesheni, warfarini inaweza kudhuru mimba, hasa miezi mitatu ya mwanzo, na akiwa tayari anaitumia asiiache kimya kimya, amwone daktari kabla hajashika mimba.

Mnaomeza warfarini, mboga za majani zinaweza kupunguza nguvu ya dawa lakini hamjakatazwa. Isombe (kisamvu) na dodo (mchicha) kuleni, ila kiasi kilekile kila wiki, sio mwezi huu hamna kabisa mwezi ujao sufuria zima. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya dukani, acheni, ukiichanganya na warfarini damu inavuja kirahisi, na ukienda kung'oa jino mwambie daktari una valvu ya kuwekewa, utahitaji antibayotiki kabla hajagusa.