Kwa nini kundi dogo la mashabiki liliweza kuiteka Tuzo ya Hugo?

Katika hadithi za kubuni za kisayansi na fantasia, hakuna tuzo yenye jina kubwa kama Hugo. Ilianza kutolewa mwaka 1953, na haina jopo la majaji. Anayelipia uanachama wa Worldcon, mkutano wa mashabiki unaohamia mji mwingine kila mwaka, ndiye anayependekeza kazi na ndiye anayepiga kura. Mtu angedhani tuzo ya namna hii ni ngumu kuchezewa, maana wapiga kura ni maelfu. Mwaka 2015 ulionyesha kinyume chake.

Udhaifu ulikuwa kwenye hatua ya kwanza, ya kupendekeza. Wakati huo kila mwanachama aliruhusiwa kutaja hadi kazi 5 katika kila kipengele, kama vile riwaya au hadithi fupi, na 5 zilizotajwa na watu wengi zaidi ziliingia fainali. Lakini hadithi fupi zinazochapishwa kwa mwaka ni nyingi mno. Kila msomaji hutaja alizozipenda yeye, na kura hutawanyika. Tuchukue mfano wa wapendekezaji 1,000. Hadithi inayopendwa kuliko zote huenda ikatajwa na 100 tu. Wakitokea watu 150 waliokubaliana orodha moja, hadithi zao zote 5 zinapata kura 150 kila moja. Fainali imejaa, na wale 850 hawana hata nafasi moja. Wala hakuna kanuni iliyovunjwa.

Ndivyo ilivyokuwa. Makundi mawili, Sad Puppies na Rabid Puppies, yaliyodai kwamba Hugo imeelemea siasa za mrengo wa kushoto, yalisambaza orodha zao na kuzoa nafasi zote katika vipengele kadhaa. Marko Kloos, ambaye riwaya yake iliingia kupitia orodha hizo, aliiondoa mwenyewe. Nafasi yake ikachukuliwa na riwaya The Three-Body Problem ya Liu Cixin wa China, nayo ikashinda, ikawa riwaya ya kwanza ya tafsiri kupata Hugo. Hebu fikiria: kitabu ambacho wapiga kura walikitaka kuliko vyote kisingeonekana kabisa kwenye karatasi ya kura, kama si uungwana wa mwandishi mmoja.

Karatasi ya Hugo ina chaguo la kukataa wote, yaani kipengele kikose mshindi. Mwaka huo, kati ya kura 5,950 zilizopigwa, chaguo hilo lilishinda katika vipengele 5, sawa na mara zote lilizowahi kushinda kabla ya hapo. Naamini mashabiki walifanya sahihi, ingawa wapo wahariri wazuri walioumia, kwa kuwa vipengele vya wahariri navyo vilikosa mshindi.

Dawa ilianza kutumika 2017. Sasa kila mpendekezaji ana pointi 1 kwa kipengele, inayogawanywa kwa kazi alizotaja. Kazi mbili zenye pointi chache zaidi hulinganishwa. Iliyotajwa na watu wachache huondolewa, na pointi zake hurudi kwa kazi zilizobaki kwenye orodha ya mtu huyohuyo. Hivyo kazi za orodha moja hunyang'anyana pointi zenyewe kwa zenyewe. Wanaofika fainali nao wakawa 6 badala ya 5.

Hesabu hiyo, hata hivyo, haimlindi mpiga kura dhidi ya anayehesabu. Katika Hugo za 2023, zilizotolewa Chengdu, China, riwaya Babel ya R. F. Kuang na wengine kadhaa waliondolewa bila maelezo. Februari 2024 zikavuja barua pepe zilizoonyesha kwamba wasimamizi walikuwa wakichunguza mambo ya kisiasa ya wateule, hasa yanayoigusa China. Kwangu hili ni baya kuliko la 2015, kwa sababu safari hii wapiga kura walidanganywa na waliowakabidhi kura zao.

Waandaaji wa Worldcon ya Glasgow, Uskoti, mwaka 2024, walifuata njia nyingine. Walitangaza hadharani, kabla ya matokeo, kwamba wamefuta kura 377 kati ya 3,813: wapo wapiga kura ambao majina yao ya pili yalifanana isipokuwa herufi ya kwanza, na nyingi za kura hizo zilimpigia mteule mmoja. Uanachama wa chini ulikuwa pauni 45, kwa hiyo kura hizo ziligharimu si chini ya pauni 16,965. Mtu mwenye fedha za kuharibu hakuzuiwa na ada hiyo. Inayemzuia ni msomaji wa Mbeya au Kisumu aliyesoma vitabu vyote vya fainali na hana pauni 45 za kupigia kura.