Ukikosa miadi ya Restart, usikae kimya

Miezi ya karibuni dawati letu la ushauri wa mafao, hapa kaskazini mwa Uingereza, limekuwa likipokea wazungumzaji wa Kiswahili wengi kuliko ilivyokuwa zamani. Wamo ndugu zetu wa Kongo waliopokelewa Sheffield, Hull, Manchester na Norwich kwa mpango wa Gateway wa kupokea wakimbizi, ulioanza 2004, wamo Watanzania na Wakenya, na wamo wazee wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia wenye Kiswahili chake. Wengi wanakuja na jambo moja: walipelekwa Restart, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasio na ajira kupata kazi, wakakosa miadi au wakaondoka katikati, na sasa pesa imekatwa. Na karibu wote wamekuja wakiwa wamechelewa.

Nianze na hili, maana linarudiwa kila wiki. Restart si mwaliko. Ulipoanzishwa 2021, utaratibu huu uliwekwa kuwa wa lazima kwa wapokeaji wa Universal Credit, yaani fao la serikali kwa wasio na kazi au wenye kipato kidogo, wanaotakiwa kutafuta kazi kwa bidii na wamekaa muda mrefu bila ajira. Mwanzoni walipelekwa waliokaa mwaka mzima au zaidi, baadaye kiwango kikashushwa hadi miezi 6. Unakabidhiwa kwa mkandarasi, yaani shirika linaloendesha mpango huu kwa niaba ya serikali, kwa muda wa hadi miezi 12, naye ndiye anayekupangia vikao, mafunzo na maombi ya kazi. Najua wapo walioambiwa na binamu yao wa Glasgow kwamba ni hiari. Binamu hakudanganya: Scotland iliendesha mpango wake, Fair Start Scotland, kuanzia 2018, na kushiriki kulikuwa kwa hiari. Restart ni ya England na Wales. Tafadhali usifuate sheria ya Glasgow ukiwa unaishi Hull.

Mama mmoja, mzaliwa wa Uvira, mashariki mwa Kongo, alikaa mbele yangu akiwa na simu mkononi na tiketi ya basi iliyokunjwa mara nne. Miadi yake ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Basi la kwanza halikuja, la pili likamfikisha saa nne kasoro dakika kumi. "Nilifika," akaniambia. "Balinirudisha mulangoni." Mpokezi wa mkandarasi alimwambia angepigiwa simu. Akarudi nyumbani, akangoja. Kwenye rekodi iliandikwa neno moja tu: hakuhudhuria. Ujumbe wa kumuuliza sababu uliingia kwenye shajara yake ya mtandaoni, ile sehemu ya ujumbe katika akaunti yake ya Universal Credit, lakini shajara hiyo huifungua mwanawe, na mwanawe alikuwa amebadilisha namba. Hakuna aliyeusoma. Alihudhuria miadi mpya wiki tatu baadaye, baada ya kuona malipo yamepungua.

Sasa tuhesabu, kwa sababu watu wengi hawajui adhabu hii inavyohesabiwa. Kosa la kukosa kikao cha Restart liko katika daraja la chini. Adhabu ya daraja hilo ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza haina kikomo kilichowekwa: inaanza siku uliyokosa na inaendelea hadi siku ya kuamkia ile utakayotimiza ulichotakiwa. Sehemu ya pili ina idadi maalumu ya siku, ambayo ni siku 7 kwa kosa la kwanza, 14 kwa la pili ndani ya siku 365, na 28 kwa la tatu na kuendelea. Kiasi kinachokatwa kwa mtu mzima asiye na mwenzi ni posho yote ya msingi ya siku hizo. Kwa mwaka wa fedha 2025/26 posho hiyo ilikuwa pauni 400.14 kwa mwezi kwa mwenye umri wa miaka 25 au zaidi, yaani pauni 13.10 kwa siku. Kwa wanandoa wanaodai pamoja, anayeadhibiwa hukatiwa nusu ya posho yao ya pamoja.

Mama huyu alikosa tarehe 3 na akahudhuria tarehe 24. Hizo ni siku 21, ongeza 7, zinakuwa 28. Pauni 366.80. Laiti angeomba miadi nyingine siku ileile na kuhudhuria tarehe 5, zingekuwa siku 2 na 7, yaani pauni 117.90. Kosa ni lilelile la dakika ishirini. Tofauti ya karibu pauni 250 imetokana na ukimya peke yake. Ndiyo maana nasema, tena bila kuchoka: ukikosa, piga simu saa hiyohiyo, kisha andika kwenye shajara kwamba umepiga, umezungumza na nani na saa ngapi. Simu peke yake haiachi alama. Ujumbe wa WhatsApp kwa kocha wako wa kazi wa Jobcentre, ofisi ya serikali ya ajira na mafao, si barua, na kumwambia jirani anayefanya usafi pale ofisini si taarifa.

Daraja nyingine nizitaje kwa kifupi. Kutofanya bidii yote uliyoahidi ya kutafuta kazi kwaweza kukuingiza katika daraja la kati, siku 28 mara ya kwanza na 91 mara ya pili ndani ya mwaka. Kukataa kazi uliyopewa, au kuacha kazi kwa hiari bila sababu ya msingi, ni daraja la juu: siku 91, kisha 182. Ile adhabu ya miaka mitatu ambayo bado watu wanatishana nayo misikitini na makanisani ilifutwa mwishoni mwa 2019. Msiendelee kuisambaza.

Adhabu hukata posho ya msingi. Haikati fungu la kodi ya nyumba, wala fungu la watoto. Tatizo ni kwamba pesa zote huingia benki kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo mtu akiona imekuja pungufu anadhani kodi imekatwa, anaitumia kwa chakula na umeme, na mwezi unaofuata ana deni kwa mwenye nyumba. Nimeona familia zikipokea notisi ya kuhama kwa adhabu ambayo haikugusa kodi hata senti moja. Fungua taarifa yako ya malipo ya mwezi, soma mstari kwa mstari. Usipoelewa, njoo nayo.

Jambo jingine ni nani anayeadhibu. Mkandarasi haadhibu. Kocha wa Jobcentre mnayekaa naye mezani naye hakati pesa kwa hasira zake. Mkandarasi hupeleka taarifa kwamba hukutimiza sharti, kisha afisa mwamuzi wa Wizara ya Kazi na Pensheni huamua kama ulikuwa na sababu ya msingi. Afisa huyo hajawahi kukuona. Anachokijua ni kile kilichoandikwa. Kama mkandarasi ameandika sentensi moja na wewe hukuandika kitu, ataamua kwa sentensi hiyo moja. Sheria haina orodha iliyofungwa ya sababu za msingi: ugonjwa, mtoto kuugua, msiba, usafiri kukwama, barua kufika baada ya tarehe, kutoelewa lugha iliyotumika, vyote vinaweza kukubaliwa vikielezwa vizuri na kuambatanishwa na ushahidi. Tiketi ile iliyokunjwa mara nne ilikuwa ushahidi.

Haki hii ya kueleza si fadhila ya ofisi. Inafaa tukumbuke kesi ya Cait Reilly, kijana mwenye shahada ya jiolojia, ambaye mwaka 2011 aliambiwa ni lazima afanye kazi bila malipo katika duka la Poundland mjini Birmingham ili asipoteze posho yake. Pamoja naye alikuwepo Jamieson Wilson, dereva aliyekataa kufanya kazi bila malipo saa 30 kwa wiki kwa muda wa wiki 26, naye akaadhibiwa. Mahakama ya Rufaa iliwapa haki Februari 2013. Serikali ikapitisha sheria mpya mwezi uliofuata ili kuhalalisha adhabu zilizokwisha kutolewa, lakini Mahakama ya Juu, Oktoba 2013, ilishikilia kwamba kanuni za wakati ule zilikuwa batili. Hoja ya kwamba huo ulikuwa utumwa haikukubaliwa. Nawaomba wanaoniletea hoja hiyo waiache, haitawasaidia. Kilichokubaliwa ni kitu chenye manufaa zaidi: mtu anayelazimishwa kuingia katika mpango lazima apewe maelezo ya kutosha juu ya mpango huo, ili aweze kusema kama unamfaa au haumfai.

Ile kazi ya lazima isiyo na malipo, Mandatory Work Activity, ilisitishwa 2016, na utafiti wa wizara yenyewe wa 2012 ulikuwa umeonyesha kwamba haikuwasaidia watu kupata ajira. Kituo chetu hakina msimamo wa kisiasa juu ya adhabu, na makala hii si mahali pa kuuweka. Lakini nitakuwa siwatendei haki wasomaji nisipotaja kwamba ripoti nyingine ya wizara, iliyotolewa Aprili 2023, iliona kwamba walioadhibiwa walichukua muda mrefu zaidi kuingia kazini kuliko wasioadhibiwa. Mimi niliyekaa kwenye dawati hili sishangai. Mtu asiye na nauli hafiki kwenye usaili.

Kinga bora iko kwenye hati ya ahadi (Claimant Commitment) unayoikubali mwanzoni mwa dai lako. Wengi huibonyeza bila kuisoma. Saa 35 za kutafuta kazi kwa wiki ni kiwango cha juu, na zinaweza kupunguzwa kwa mwenye ugonjwa, mlezi wa mgonjwa, au mzazi mwenye mtoto mdogo. Mlezi mkuu wa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hatakiwi kutafuta kazi kabisa. Aliyefiwa na mwenzi au mtoto hupumzishwa miezi 6. Aliyekimbia ukatili wa nyumbani, wiki 13, na zaidi akiwa na watoto. Haya hayaji yenyewe. Lazima uyaseme, na kwa wenzetu jambo la mwisho ndilo gumu kusema mbele ya mkalimani wa jamii yako. Una haki ya kuomba mkalimani mwingine, mwanamke, au wa simu kutoka mji mwingine. Ukiomba mkalimani, taja ni Kiswahili cha wapi. Wazee wa Barawa wameletewa wakalimani wa Kisomali zaidi ya mara moja.

Ukishakatwa, omba uamuzi uangaliwe upya ndani ya mwezi mmoja wa tarehe iliyo kwenye uamuzi. Ukichelewa, omba hivyohivyo na ueleze kwa nini umechelewa. Wakikataa, una mwezi mwingine wa kwenda kwenye baraza la rufaa, ambalo liko huru na wizara, halitozi ada, na hutoa mkalimani. Wakati huo huo unaweza kuomba malipo ya dhiki, ambayo ni asilimia 60 ya kilichokatwa. Huo ni mkopo, utarudishwa kwa makato, na lazima uuombe upya kila kipindi cha malipo. Hutaupata kama umeacha kabisa kutimiza masharti, kwa hiyo endelea kuhudhuria hata ukiwa na uchungu.

Mama wa Uvira tulimwandikia ombi palepale, aya tano, tukaambatanisha picha ya tiketi. Kisha tukamfungulia shajara kwenye simu yake mwenyewe, na akaandika neno la siri kwa mkono wake kwenye daftari dogo alilokuwa nalo mkobani. Ukija kwetu, njoo na simu inayofungua akaunti yako, barua ya mkandarasi pamoja na bahasha yake yenye mhuri wa tarehe, na taarifa ya malipo ya miezi miwili. Usisubiri hadi umalize kuazima pesa kwa kila mtu.