Maumivu ya Jumanne Hayatokani na Asidi ya Jumapili

Wiki iliyopita nimeambiwa mara nne ndani ya siku mbili kwamba maumivu ya misuli baada ya mazoezi ni asidi iliyobaki ndani. Wa kwanza alikuwa kijana aliyeingia akishika ukuta, akajitupa kitandani kwa sababu mapaja yalikataa kukunja. Jumapili alipanda mlima Loleza na wenzake wa mazoezi. Jumanne hawezi kushuka ngazi. "Daktari, asidi imeganda kwenye mapaja. Naomba unichue kwa nguvu mpaka itoke."

Hakuna asidi iliyoganda. Nafanya kazi ya fiziotherapia hapa Mbeya, na kila msimu wa mbio za Tulia Marathon unapokaribia nalirudia jambo hili mpaka sauti inakauka. Lakini hadithi ya asidi walimu wa gym wanaifundisha, makocha wa mitaani wanaifundisha, na wanariadha wazuri kabisa wanaiamini.

Ukikimbia kwa kasi, ni kweli misuli inazalisha lakteti kwa wingi, na ndiyo hiyo watu wanayoiita asidi. Lakini haikai pale kama maji machafu kwenye mtaro. Damu inaichukua, moyo unaitumia kama nishati, ini linaigeuza tena kuwa sukari, na misuli mingine inaichoma palepale. Ndani ya saa moja hivi baada ya kumaliza, kiwango chake kimerudi kama ulivyoamka asubuhi. Maumivu yanayokufanya ushike ukuta yanaanza baada ya saa 12 hadi 24, na yanakuwa makali zaidi siku ya pili au ya tatu. Kitu kilichoondoka Jumapili mchana kinakuumizaje Jumanne?

Ukitaka kuelewa, fikiria Loleza yenyewe. Kupanda kunakata pumzi, moyo unagonga, miguu inawaka moto. Hapo ndipo lakteti inapopanda. Kushuka hata hujachoka, unapiga stori njia nzima. Ila katika kila hatua ya kushuka, msuli wa mbele wa paja unafanya kazi ya breki: unakaza ili usiporomoke, na wakati huohuo unavutwa urefuke. Kazi hiyo ndiyo inayochana nyuzi ndogondogo za msuli. Mwili unaleta majimaji na chembe za ukarabati, sehemu inavimba kidogo, na mishipa ya fahamu inakuwa nyepesi kuuma. Mwaka 1902 Mmarekani Theodore Hough alishaandika kwamba maumivu haya yanatokana na kuchanika ndani ya msuli. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani wakapima wazi: waliokimbia tambarare lakteti yao ilipanda na hawakuumwa siku zilizofuata, waliokimbia mteremko lakteti haikupanda, na ndio walioumwa. Miaka zaidi ya 40 imepita, na bado mtu ananiambia ameganda asidi.

Hadithi hii inanikera kwa sababu ina madhara. Anayeamini asidi anakunywa ndimu tupu hadi tumbo linauma. Anarudi kukimbia kwa kasi kesho yake "aichome", juu ya msuli ambao bado unajengwa. Au anamlipa mtu amkandamize kwa viwiko mpaka ngozi inavilia damu, kisha anakuja kwangu na majeraha mawili badala ya moja.

Dawa yenyewe ninayoitetea kuliko zote haiuzwi popote: zoea kushuka. Msuli ulioumia kidogo kwa mteremko unajifunza, na kinga hiyo inakaa wiki kadhaa. Kwa hiyo wiki tatu kabla ya mbio au safari ya mlimani, tafuta mteremko mfupi, shuka taratibu dakika kumi, halafu uuache msuli upone siku nne au tano. Rudia, ongeza kidogo. Mbeya miteremko haijawahi kutupungukia. Watu wanafanya mazoezi ya kupanda tu, halafu wanashangaa kuumizwa na kushuka.

Mengine niyapitie haraka. Kuchua kunasaidia, tena katika njia zilizolinganishwa ni miongoni mwa zinazopunguza maumivu vizuri zaidi. Lakini kuchua kwa upole, si kwa mateso, na hakutoi asidi yoyote. Maji ya baridi yanapunguza maumivu pia, dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha, na Juni na Julai yetu bomba lenyewe linatosha bila barafu. Ila kama unanyanyua vyuma ili misuli ikue, usijizamishe humo kila baada ya zoezi, kwa sababu baridi inapunguza ukuaji huo. Kunyoosha viungo baada ya mbio, ambako kila mtu anakusifu, kunapunguza maumivu kwa takriban pointi moja tu katika kipimo cha pointi mia. Nyoosha kama unapenda, usitegemee muujiza.

Chakula na usingizi navipa uzito kuliko vyote hivyo. Sahani ya wali wa Kyela au ndizi za Tukuyu na maharage, mayai mawili, kikombe kikubwa cha maziwa, kisha ulale mapema. Halafu kesho yake tembea. Kulala kitandani siku nzima kunakukakamaza zaidi.

Vidonge vya kutuliza maumivu vya diklofenaki kabla ya mbio "ili nisiumwe": hapana. Mwili uliopungukiwa maji pamoja na dawa hiyo ni mzigo kwa figo.

Na la mwisho silipunguzii makali. Kama siku moja au mbili baada ya zoezi zito mkojo umekuwa wa kahawia kama chai ya rangi, misuli imevimba na kulegea isivyo kawaida, usinitafute mimi wala mchuaji. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Msuli uliovunjika kupita kiasi unamwaga protini yake kwenye damu, na figo zinaweza kusimama.