Je, fizikia imethibitisha kwamba mawazo huelekeza vitu?

Wengi huamini kwamba fizikia imethibitisha kuwa akili ya mtu, kwa kutazama au kunuia tu, hubadilisha vitu. Kwa sehemu kubwa, mkanganyiko umetokana na neno "mtazamaji". Katika jaribio la mianya miwili, elektroni (chembe ndogo mno) hurushwa kupitia mianya miwili myembamba na kuchora kwenye skrini mistari kama ya mawimbi; huacha kuichora pale kifaa kinapobaini zimepitia mwanya upi. Anayetazama hapo ni kifaa. Hata maabara ikiwa haina mtu, matokeo ni yaleyale.

Mawazo hugusa mwili, naam: hofu huupeleka moyo mbio, kupitia neva na homoni.

Wapo pia watafiti waliowataka watu waelekeze kwa nia mashine za namba nasibu, yaani zinazotoa namba kwa bahati tu. Baadhi waliripoti tofauti ndogo mno, ila majaribio yaliporudiwa kwa makini hazikujitokeza kwa uthabiti.

Ukitaka kujipima, chukua sarafu. Kabla ya kurusha, andika upande unaoutaka na idadi ya mirusho, tuseme 100. Ukipata 56 utasisimka (mimi nilisisimka), lakini bahati tupu hutoa kati ya 40 na 60 karibu kila mara. Rudia siku nyingine, na usifute matokeo mabaya.