Eti Cape Town ilikuwa pori tupu Wazungu walipofika?

Kuna watu bado wanakomaa kwamba Waholanzi waliposhuka Cape mwaka 1652 walikuta ardhi haina mwenyewe. Si kweli kabisa. Wakhoikhoi, wafugaji wenyeji wa hapo, walikuwepo na ng'ombe na kondoo wao, wanahama kufuata malisho, na meli za Ulaya zilikuwa zinapita hapo kununua nyama miaka mingi kabla ya Jan van Riebeeck, kiongozi wa hao Waholanzi wa 1652, kutia nanga, tena kiongozi mmoja wa Wakhoikhoi, Autshumato, Waingereza walishambeba mpaka Java akarudi anaongea Kiingereza, sasa pori tupu gani lina mkalimani?

Halafu hata van Riebeeck hakutumwa kuanzisha nchi, VOC, kampuni ya Kiholanzi ya biashara na Asia iliyomtuma, ilitaka tu mahali meli zake za Asia zichukue maji, mboga na nyama. Mambo yaligeuka 1657 walipoanza kuwagawia wafanyakazi wao mashamba, kwenye malisho ya watu. 1659 vita ikalipuka. Mwaka uliofuata wakapanda ua wa mlozi mwitu kuwazuia Wakhoikhoi na mifugo yao, na kipande chake bado kipo, ukienda bustani ya Kirstenbosch hapo Cape Town utakiona.